Sura ya Sita: Simu Haijui Kama Jana Mvua Ilinyesha

Anayetoka Dar es Salaam kwenda kaskazini hufika Segera akiwa na uamuzi mmoja tu: kulia Muheza na Tanga, kushoto Korogwe, Mombo, Same na Moshi. Hapo hapotei mtu. Vibao vipo, mabasi hayaishi, na hata mgeni anaweza kujiunga na msururu wa malori akafika salama. Ukitaka kuona jinsi simu inavyoweza kumtia matatani dereva mzoefu, usikae Segera. Rudi nyuma hadi Mkata, au tangulia hadi Korogwe, kisha uingie ndani, kwenye nchi ya Wazigua, ambako ramani imejaa mistari na kila mstari unadai kuwa ni barabara.

Nianze na mahali ambapo simu iko sahihi, maana ipo. Tazama pembetatu ya Mkata, Handeni na Korogwe. Barabara kuu inapita mashariki: Mkata, Kabuku, Michungwani, Segera, Korogwe. Magharibi kuna Mkata hadi Handeni, kilomita 54, kisha Handeni hadi Korogwe, kilomita 65. Upande huu wa magharibi ulikuwa wa vumbi na mashimo mpaka ulipowekwa lami, na madereva wa rika fulani bado wanaukumbuka kiunoni. Lori likilala barabarani karibu na Segera na magari yakafungana, simu itakuambia uzungukie Handeni. Isikilize. Mzee aliyeacha usukani zamani akikuonya usithubutu, mwenye ramani iliyopitwa na wakati atakuwa yeye. Sura hii haikuja kumtukuza mwenyeji na kuitukana mashine. Inauliza kila mmoja anajua nini, na amejua lini.

Kioo cha simu kinachanganya mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni mahali ulipo. Satelaiti za GPS, mali ya serikali ya Marekani, ni zaidi ya 24, zinaizunguka dunia zikiwa juu yetu kwa kama kilomita 20,200, na kila moja inatangaza saa yake bila kukoma. Simu hupokea mawimbi ya angalau satelaiti nne, hupima kila wimbi limechukua muda gani kufika, na kwa hesabu hiyo hujua iko wapi. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi ya raia; walipoacha, nukta ya mtu wa kawaida ikawa haikosei zaidi ya mita chache. Pale Kwamatuku, Handeni, chini ya anga wazi isiyo na ghorofa la kuziba mawimbi, nukta hiyo inaaminika kuliko ilivyo Kariakoo.

La pili ni njia, na hapo satelaiti haina neno. Njia inatoka kwenye ramani, ambayo ilichorwa na watu au ilikisiwa na kompyuta kutokana na picha za juu, na inatoka kwenye kanuni ya hesabu inayochagua mstari upi ufuatwe. Kanuni mama ya kazi hiyo aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akiwa ameketi mkahawani mjini Amsterdam na mchumba wake; mwenyewe alisimulia kwamba ilimchukua kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi. Swali lilikuwa njia fupi kutoka Rotterdam hadi Groningen. Kanuni yenyewe haina kasoro: ipe vipande vya barabara na urefu au muda wa kila kipande, itakupa jumla ndogo kuliko zote. Lakini Uholanzi ni tambarare ya lami, na barabara iliyochorwa ramanini inapitika Januari kama inavyopitika Aprili. Anayeuliza njia ya Mkata kwenda Kwamsisi katikati ya masika anauliza jambo ambalo Dijkstra hakulazimika kuliwaza.

Programu za leo zimeongeza mengi juu ya kanuni hiyo. Kubwa kuliko yote ni habari ya foleni, nayo inakusanywa kutoka kwenye simu za wasafiri wenyewe: simu nyingi zikitambaa mahali pamoja, ramani inapaka rangi nyekundu. Februari 2020 msanii Simon Weckert alionyesha jinsi elimu hiyo ilivyo nyepesi. Alivuta kitoroli chenye simu 99 kwenye mitaa ya Berlin, na Google Maps ikachora foleni kwenye mtaa uliokuwa mtupu.

Sasa ligeuze jaribio lake. Kwenye njia ya Handeni kwenda Mziha, au ndani kabisa huko Kwamsisi, saa nzima inaweza kupita bila simu tano zenye bando kukatiza. Ramani haina cha kuhesabu. Lakini haisemi kwamba haijui. Inachora mstari uleule, inaandika dakika zilezile ilizokisia kutokana na urefu wa njia na daraja la barabara, na sauti ya yule dada wa ndani ya simu haitetereki hata kidogo. Dereva aliyelelewa na foleni za barabara za Mandela na Morogoro jijini Dar es Salaam, ambaye wekundu kwake ni balaa na kutokuwepo wekundu ni nafuu, anaiona njia ile tupu na kushukuru. Kwa maoni yangu hapa ndipo pana hatari kubwa kuliko daraja lolote bovu: kimya cha ramani kinasomwa kama habari njema. Njia inaweza kuwa tupu kwenye kioo kwa sababu wenyeji wameikimbia.

Wanaikimbia kwa sababu ya udongo. Juu ya miinuko ya Handeni udongo ni mwekundu na ukikauka unabeba gari bila taabu. Shida ni mabondeni, kwenye ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama, na mvua ikija unavimba na kushika tairi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini mvua moja ya usiku hata mwezi Februari yatosha. Greda likishapita na kuchonga, njia hupendeza kwa wiki chache; mvua mbili baadaye maji yamejichimbia mfereji katikati, na madereva wa malori ya mkaa na mahindi wamefungua njia ya pembeni kupitia shamba la mtu. Ramani inabaki na ile ya zamani.

Wamarekani waliionja adha hii ya tope Juni 2019. Ajali kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Denver ilisababisha foleni, na Google Maps ikawapa madereva njia mbadala. Magari yapatayo 100 yaliingia kwenye njia ya shambani iliyolowa, moja la mbele likakwama, na yaliyokuwa nyuma yakakosa pa kugeukia. Dereva mmoja aliyehojiwa alisema aliingia kwa sababu aliona wenzake wametangulia. Dereva wa Handeni hana hata faraja hiyo ya kukwama na umati. Anakwama peke yake, mtandao umekata, betri ya simu imebaki kidogo kwa kuwa ramani imeila tangu Chalinze, na msaada ni trekta la kijiji cha jirani, ambalo bei yake ya kuvuta hupanda kadiri jua linavyoshuka.

Hiyo njia ya Kwamsisi niliyoitaja ina ushawishi wake wa pekee. Inatoka Mkata kuelekea pwani, na kwa mtu aliye Handeni anayetaka kwenda ufukweni inaonekana kama zawadi: mbona uzunguke Segera, Muheza na Tanga yote? Mbele yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye malango, ada na saa za kuingia na kutoka. Ukitaka kuendelea hadi mji wa Pangani kutokea kusini, kuna mto, ambao wasafiri wameuvuka kwa kivuko miaka yote wakati daraja likisubiriwa. Programu inakihesabu kivuko kama kipande cha barabara chenye dakika zake. Foleni ya kivuko haimo, wala saa ambayo wahudumu wanarudi nyumbani.

Korogwe nayo ina mtego wake, nao ni mkonge. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 ikafika hai, na kwa vizazi vilivyofuata Tanga yote ikapangwa kwa ajili yake. Ukilitazama shamba kama la Magunga au Ngombezi kutoka juu, utaona barabara nzuri kuliko zote wilayani: pana, zimenyooka kama zilizopigwa kamba, zinakutana kwa pembe mraba. Mchoraji wa ramani aliyeko mbali anazipenda. Chini ni mali ya watu. Kuna lango na mlinzi, kuna matrekta yanayovuta matela ya majani ya mkonge, na njia uliyoifuata kwa matumaini inaishia kwenye korona, ile mashine ya kusindika, ambako wafanyakazi wananyanyua vichwa kukutazama. Hatari hapo ni ndogo, aibu ndiyo nyingi. Ila usiku, katikati ya mistari ya mkonge inayofanana pande zote nne, nukta yako ya buluu itakuwa sahihi kabisa na haitakusaidia kitu.

Mkonge angalau ni wa zamani. Siku hizi kuna mkuza wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Likiingia mkoa wa Tanga linapita katika wilaya kadhaa zikiwemo Handeni na Korogwe. Mkuza wake una upana wa mita 30. Picha ya satelaiti iliyopigwa wakati wa kufyeka inaonyesha ukanda mweupe unaokata nchi moja kwa moja, na anayechora ramani kwa kutazama picha, awe mtu au kompyuta, hana namna ya kujua kwamba ile siyo barabara na kwamba baada ya kazi bomba litafukiwa na majani yataota.

Kinyume chake kipo Msomera, wilayani Handeni. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia huko familia kutoka Ngorongoro, ikajenga nyumba, shule na barabara mahali ambapo picha za zamani zinaonyesha vichaka. Kuhusu uhamisho wenyewe watu wanabishana, na hapa si mahali pake. Kwa dereva somo ni jepesi: wilaya moja ina barabara zilizochorwa ambazo hazipo na barabara zilizopo ambazo zimechelewa kuchorwa.

Kabla hata hujaliwasha gari kuna suala la majina. Mtu wa Dar es Salaam akiandika Korogwe kwenye simu anaweza kuletewa kwanza kituo cha mwendokasi cha Korogwe, pale Kimara. Akiandika Chanika anapelekwa Ilala, wakati Chanika anayoitaka ni ile iliyo katikati ya mji wa Handeni. Mkata iko Handeni na iko Kilosa. Segera na Segerea zinatofautiana kwa herufi moja, na kidole gumba hakijali. Ukishaingia ndani, majina yanaanza kufanana kama watoto wa mama mmoja: Kwamatuku, Kwamkono, Kwamgwe, Kwamsisi, Kwaluguru, Kwachaga, Kwediyamba. Huko Italia mwaka 2009 wanandoa kutoka Sweden walitaka kwenda kisiwa cha Capri, wakaandika Carpi, wakafika mji wa viwanda ulio bara, mamia ya kilomita kaskazini, na kuingia ofisi ya utalii kuuliza yaliko mapango ya bahari. Hawakushangaa kwamba wamefika kisiwani bila kuvuka maji. Afadhali kutaja mji, wilaya na kijiji kwa pamoja, kisha kutazama jumla ya kilomita kabla ya kung'oa nanga: Handeni haiwezi kuwa kilomita 30 kutoka Posta.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti mwaka huo, imepunguza tatizo kiasi. Mitaa ya Manundu mjini Korogwe na ya Chanika ina majina kwenye nguzo na nyumba zina namba, na serikali ina programu yake ya NaPA ya kutafutia anwani hizo. Nyumba utaipata. Namna ya kuifikia inabaki palepale.

Sasa madaraja. Oktoba 2019 mvua kubwa zilinyesha mkoani Tanga, zikaua watu na kukata mawasiliano ya barabara Handeni na Korogwe. Mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu hujaa kwa saa mbili, unabeba magogo, unang'oa kalavati, kisha unapungua asubuhi na kuacha shimo lenye kingo wima. Anayekuja usiku taa zake zinamulika juu ya shimo na kugonga barabara ya ng'ambo. Kwetu kuna lugha ya kumwonya: matawi mabichi yaliyolazwa barabarani, kwanza machache, halafu mengi zaidi kadiri unavyokaribia. Kila dereva wa Tanzania anaisoma lugha hiyo hata kama hajawahi kufundishwa. Simu haioni matawi. Na dereva ambaye jicho moja liko kwenye kioo kuhakiki kama kona ni hii au ijayo, naye huyaona akiwa amekwisha kuyakanyaga.

Novemba 2024 kaskazini mwa India, kati ya Bareilly na Budaun, gari lenye watu 3 lilipanda daraja la mto Ramganga kwa maelekezo ya simu na kuanguka kutoka mwisho wake. Sehemu ya mbele ilikuwa imekwishachukuliwa na mafuriko. Wote walikufa. Polisi waliwageukia wahandisi wa idara ya ujenzi pamoja na kampuni ya ramani. Nadhani mpangilio huo wa lawama ulikuwa sawa. Barabara inayoelekea kwenye pengo lazima ifungwe kwa tuta la udongo na mapipa, na mwenye wajibu huo ni mwenye barabara. Lakini hukumu hutolewa baadaye, mahakamani, na kwenye daraja unafika kwanza wewe.

Korogwe ina sura ya pili, ya milimani, ambayo mgeni huisahau kwa sababu mji wenyewe uko chini kwenye joto kando ya mto Pangani. Pandisha macho: Dindira, Bungu, Vugiri, Ambangulu kwenye chai. Anayetaka Bumbuli kutoka Korogwe ana njia ya Mombo na Soni, inayozunguka, na ana njia ya Dindira, inayokatiza. Serikali imekuwa ikiitaja Soni–Bumbuli–Dindira–Korogwe miongoni mwa barabara za kuwekewa lami. Kwa kilomita, Dindira inashinda. Ila programu nyingi za magari hazikuonyeshi mwinuko, wala hazijui kama unaendesha Land Cruiser au Toyota IST yenye matairi yaliyolainika. Utelezi wa mfinyanzi kwenye kona ya Usambara, upande mmoja ukuta na mwingine vilele vya migomba, humfanya mtu aelewe kwa nini Noah za abiria za huko hufungwa minyororo kwenye matairi au hulala.

Na kuna kishawishi kikubwa kuliko vyote, cha Dodoma. Mtu wa Korogwe au Tanga anayekwenda makao makuu anatazama ramani na kuona kichekesho: ashuke kusini hadi Chalinze, halafu apande tena kupitia Morogoro, wakati kuna mstari unaokwenda moja kwa moja Handeni, Kiberashi, Kibaya. Mstari huo ni wa kweli. Barabara ya Handeni–Kiberashi–Kibaya hadi Singida, takriban kilomita 460, imo kwenye mipango ya serikali, na vipande vya mwanzo upande wa Handeni vimekabidhiwa wakandarasi. Yaani iko katika hali mbaya kuliko zote kwa mashine: nusu ya zamani, nusu mpya, katikati michepuko inayohamishwa kila mkandarasi anaposogea. Wapo wanaoipita na kufika wakijisifu. Wanaoipita hivyo wamempigia mtu Kibaya asubuhi ile.

Mwaka 2017 watafiti wa University College London walichapisha utafiti wa watu 24 waliopitishwa kwenye picha za mitaa ya Soho huku ubongo wao ukipimwa. Waliotafuta njia wenyewe, sehemu za ubongo zinazoshughulikia kumbukumbu na mipango zilichangamka kila walipofika njia panda yenye machaguo mengi. Walioelekezwa na mashine, sehemu hizo zilikaa kimya. Hakuna la ajabu hapo. Abiria wa basi naye huwa hivyo. Tatizo ni kwamba huyu abiria ameshika usukani. Haoni kwamba nyaya za umeme zimeachana na barabara kitambo. Haoni kwamba vibanda vya chipsi vimekwisha, kwamba alama za matairi ardhini zimebaki za pikipiki tu, kwamba majani yameota katikati ya njia na yanasugua tumbo la gari. Kila moja ya hizo ni taarifa mpya kuliko ramani yoyote duniani, na imetolewa bure.

Ndipo tunarudi kwenye kuuliza. Watu husema "uliza wenyeji" kana kwamba ni jambo rahisi. Ni ufundi. Simama Mkata kwa vijana wa bodaboda.

"Habari za hapa, kaka?"

"Salama, karibu."

"Njia ya Kwamsisi inapitika?"

"Inapitika."

Kijana hajadanganya. Amepita asubuhi na bodaboda yake, miguu akiburuza kwenye tope, na mama mwenye gunia nyuma. Kwake inapitika. Uliza tena:

"Kuna gari ndogo imetoka huko leo?"

"Leo? Leo bado. Juzi ilitoka Noah moja, ikavutwa pale bondeni."

Habari yote iko kwenye jibu la pili. Vivyo hivyo usiulize "Ya Kwamkono ni hii?" huku umenyoosha kidole, maana adabu ya kwetu inamvuta mtu akubaliane na mgeni; uliza "Ya Kwamkono ni ipi?" na umwache anyooshe kidole yeye. Ukiambiwa "hapo tu", omba kutajiwa shule au kisima kilichopo katikati. Ukimkuta mzee kivulini, shikamoo kwanza, njia baadaye. Utapewa na historia ya korongo, na historia ya korongo ndiyo unayoihitaji. Na uliza watu wawili wasiosikiana.

Hata wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipopanda bonde la Pangani mwaka 1857 hadi Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Washambaa, pamoja na elimu yao yote ya kupima nchi, njia waliipata kwa watu. Katika safari hiyo ndipo walipompata Sidi Mubarak Bombay, askari kwenye ngome ya Chogwe, ambaye baadaye wapelelezi Stanley na Cameron nao wasingetoka bila yeye. Walichokuwa wakimlipa hakikuwa ramani. Walimlipa ajue pa kuuliza, na amjue anayejibu.

Simu nayo ina kazi yake katika mpangilio huo, na ni kazi ya heshima. Pakua ramani ya Tanga nzima ukiwa na mtandao, ili bando likiisha nukta isibaki ikielea kwenye kioo cheupe. Mpe abiria aishike, dereva asiisome. Tazama njia yote kabla ya kuondoka, na kila mahali inapoachana na lami uandike jina la kijiji. Ukiona imekuchagulia njia inayookoa dakika kumi kwa kuacha barabara kuu, jiulize malori kwa nini hayaitumii. Wenye malori hesabu ya mafuta wanaijua kuliko Google. Na kumbuka kwamba hata kampuni za ramani zimeandika kwenye masharti yao, yale tunayoyakubali bila kusoma, kwamba hali halisi ya barabara inaweza kutofautiana na ramani na kwamba mwenye kuamua ni dereva.

Kinachonikera ni kwamba ujuzi wenyewe upo. TANROADS wanajua hali ya barabara kuu na za mkoa, TARURA tangu mwaka 2017 wanazijua zile za vijijini, kalavati lipi limekwenda na kipande kipi kinasubiri bajeti. Taarifa hizo zinaishi kwenye mafaili ya wilaya. Ramani ya OpenStreetMap, ambayo programu nyingi huitumia, iko wazi kwa yeyote mwenye simu kuandika kwamba njia fulani ni ya udongo, au haipitiki wakati wa mvua, au inavuka mto bila daraja. Mhandisi mmoja wa Handeni akikaa nayo wiki mbili angeokoa matairi mengi. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na makundi ya WhatsApp ya madereva wa malori ya mahindi na mbao, ambamo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi huwa kumeshatumwa picha ya korongo, jina la mahali, na maneno mawili: boda tu.